Jinsi ya kumaliza siriz ndefu za fantasia na kumshauri mwenzako

Kwanza kama unapenda fantasia, yaani hadithi za uchawi na dunia za kubuni, usiweke lengo la vitabu 50 kwa mwaka, haya mavitabu ni matofali, weka lengo la kurasa. Mi nasoma kurasa 20 kwa siku kwenye basi la mwendokasi hapa Dar, kutoka Kimara hadi Kivukoni, yaani nikipata siti, nikikosa nashika bomba na kidole kimoja nimekibana kwenye ukurasa, na kwa hesabu hiyo kitabu cha kurasa 600 kinaisha kwa mwezi. Lengo lako mwambie rafiki, tumianeni namba ya ukurasa kila jioni, inasaidia sana aisee.

Ukimshauri mtu muulize kwanza ana muda gani. The Wheel of Time ina vitabu 14, mwandishi wake Robert Jordan alifariki 2007 na Brandon Sanderson ndo akaja kuimalizia 2013, tamu sana ila anayeanza atakimbia. Huyo mpe Mistborn, siriz ya Sanderson huyohuyo, vitabu vitatu vya kwanza vinajitosheleza. Siriz isiyoisha mwambie mapema, A Song of Ice and Fire ilianza 1996 na cha sita bado tunakisubiri. Na mwisho wa hadithi usimsimulie hata akikubembeleza.