Somo: Gunia la korosho kwenye ubao, na msuguano unaochanganya wengi

Ukitaja msuguano tu, mwanafunzi keshazidisha μ (namba inayoonyesha ukali wa msuguano) kwa N (kani ambayo ubao unalisukumia gunia) kabla hajamaliza kusoma swali. Hapo ndipo alama zinapopotelea. Tulifanye hili taratibu.

Tuko ghalani Mtwara, msimu wa korosho. Gunia la juti la kilo 80 liko juu ya ubao uliotegemezwa kwenye lori. Ubao una urefu wa mita 3, na ncha yake ya juu iko mita 1.5 kutoka ardhini. μ ni 0.4, gunia likiwa limetulia au likiteleza. Likiachiwa kutoka juu, litafika chini kwa kasi gani? Chukua g (mchapuko wa mvutano wa dunia) = 10 m/s².

Hatua ya 1: chora. Kani ni tatu tu. Uzito unaelekea chini wima, hata ubao uinamishwe vipi. N inatoka kwenye ubao, ikiwa pembe mraba na ubao. Msuguano unalala na ubao, kuelekea juu. Wapo wanaoongeza ya nne, "kani ya kushuka". Ifute, hiyo ni sehemu ya uzito uliokwisha kuuchora.

Hatua ya 2: pembe. 1.5 ÷ 3 = 0.5, yaani sin ya nyuzi 30.

Hatua ya 3: gawa uzito. Uzito ni 80 × 10 = 800 N (nyutoni). Sehemu inayovuta kufuata ubao: 800 × 0.5 = 400 N. Inayougandamiza ubao: 800 × 0.866 (cos ya nyuzi 30) = 693 N. Basi N ni 693, si 800.

Hatua ya 4: uliza kama linateleza. Hii ndiyo wanayoiruka. μN = 0.4 × 693 = 277 N, nacho ni kikomo cha msuguano. 400 imezidi 277, kwa hiyo linateleza, na sasa una ruhusa ya kuandika msuguano = 277.

Hatua ya 5: malizia. 400 − 277 = 123 N. Mchapuko: 123 ÷ 80 = 1.54 m/s². v² = 2 × mchapuko × urefu = 2 × 1.54 × 3 = 9.24, v = 3.04 m/s, karibu kilomita 11 kwa saa. Gunia likitua hivyo linaweza kupasuka, ndiyo maana kuli mwenye akili haliachii.

MASWALI

*Mwalimu, shikamoo. Huku Newala nimejaribu nyuzi 20. Uzito unavuta 274, msuguano nimepata 301. Sasa gunia linapanda?*

Marahaba. Lipande, nani kalisukuma? Hiyo 301 ni kikomo, na hakijafikiwa. Gunia limetulia, kwa hiyo msuguano ni 274 kamili, sawa na kinachovuta.

*Gunia la kilo 100 litatangulia kufika?*

Hapana, yanafika pamoja. Kilo zinajifuta: mchapuko = g(sin θ − μ cos θ), θ ikiwa pembe ya ubao. Weka namba uone.

*Mimi niko kidato cha tano, Lindi. Badala ya gunia nina gogo la duara la kilo 80, linaviringika bila kuteleza. Natumia 277?*

Usitumie. Hapo msuguano ni namba isiyojulikana, uite f, na kazi yake ni kulizungusha gogo. Andika milinganyo miwili. Wa kushuka: 400 − f = 80a. Wa kuzunguka: fR = ½ × 80 × R² × (a/R), ambapo a ni mchapuko, R ni nusu kipenyo, na ½ × 80 × R² ni ukinzani wa gogo dhidi ya kuzungushwa; R inajifuta, f = 40a. Ukiunganisha, 400 = 120a, a = 3.33 na f = 133 N. Sasa ndipo 277 inaingia, kwa kuhakiki tu: 133 haijaifikia, kweli halitelezi.

*Na likiwa bomba jembamba, tupu ndani?*

½ inaondoka. f = 80a, a = 2.5, f = 200 N. Linachelewa nyuma ya gogo, lakini linalitangulia gunia.