Somo: Kituo cha Hali ya Hewa Ndani ya Kasha Lililochapwa kwa Printa ya 3D

Wengi wanaoanza kazi hii hutumia siku nyingi kuchagua kihisi, kisha hukitia ndani ya kikopo chochote. Nashauri kinyume chake, kwa kuwa kihisi cha kawaida ndani ya kasha zuri hutoa vipimo vya kuaminika kuliko kihisi ghali kinachookwa na jua. Tunachotaka kupima ni joto la hewa, si joto la plastiki. Kwa sababu hiyo hiyo Thomas Stevenson, mhandisi wa Uskoti aliyejenga minara ya taa, alibuni katika karne ya 19 sanduku jeupe lenye kuta za vibao vilivyoinamishwa, ili hewa ipite na miale ya jua isipenye.

Vifaa ni ubao wa ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi), kihisi cha BME280 (hupima joto, unyevu na kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa), betri, waya nne na fimbo tatu za skrubu zenye nati.

Hatua ya 1: Plastiki. Kati ya plastiki za kuchapia, PLA huchapika kwa urahisi, lakini hulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na kasha langu la kwanza lilipinda kwa sababu hiyo. PETG huvumilia hadi karibu nyuzi 80, na ASA ni bora zaidi kwa kuwa haichakazwi upesi na jua. Rangi iwe nyeupe.

Hatua ya 2: Visahani. Kasha lenyewe ni visahani vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kihisi kikiwa katikati yake. Chapa visahani saba au nane vyenye ukingo unaoshuka, kimoja kikiwa kizima kwa ajili ya paa na vingine vikiwa na tundu katikati. Vipange kwenye fimbo ukiacha nafasi ya sentimita moja hivi, na uhakikishe kwamba ukingo wa kila kisahani unashuka kiasi cha kuficha nafasi iliyo chini yake, kwani ukitazama kutoka ubavuni na ukakiona kihisi, basi jua nalo litakiona. Ukivichapa vikiwa vimepinduliwa, hutahitaji vishikizo vya ziada.

Hatua ya 3: Waya. Unganisha pini ya volti 3.3 ya kihisi na ile ya volti 3.3 ya ubao, na GND (waya wa kurudisha umeme) na GND, kisha SDA (waya wa data) kwenye pini 21 ya ubao na SCL (waya wa mapigo ya saa) kwenye pini 22. Jaribu kila kitu mezani kabla ya kufunga.

Hatua ya 4: Tenganisha ubao na kihisi. ESP32 hupata joto inapotuma data kwa Wi-Fi, hivyo iweke katika kisanduku cha pembeni kisichopitisha maji. Programu iamke kila baada ya dakika 10, isome, itume, kisha ilale. Hivyo betri hudumu na joto hupungua.

Hatua ya 5: Mahali. Kihisi kikae kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, juu ya nyasi, mbali na kuta na sakafu ya saruji.

Maswali ya wanachama

Swali: Kituo changu kinaonyesha joto na kanieneo, lakini unyevu hausomeki. Kwa nini?

Jibu: Huenda umeuziwa BMP280, ambayo hufanana sana na BME280 lakini haipimi unyevu. Soma namba ya utambulisho wa chipu: BME280 hujibu 0x60, na BMP280 hujibu 0x58.

Swali: Mbona kanieneo ninayopata iko chini sana kuliko ile ya taarifa za hali ya hewa?

Jibu: Taarifa hizo hurekebishwa hadi usawa wa bahari. Karibu na pwani kanieneo hupungua kwa hektopaskali 1 hivi kila unapopanda mita 8, na kwenye mwinuko wa mita 1,500 usomaji wa kawaida ni karibu 846. Weka mwinuko wako katika programu.

Swali: Je, naweza kuchapa kipimamvua pia?

Jibu: Ndiyo. Faneli yenye kipenyo cha sentimita 16 ina eneo la sentimita za mraba 201, kwa hiyo milimita 1 ya mvua ni mililita 20.1 za maji. Mimina kiasi hicho polepole kwa bomba la sindano, uhesabu kibembea (kikopo cha pande mbili kilicho chini ya faneli, kinachopinduka kila upande mmoja unapojaa) kimepinduka mara ngapi, kisha urekebishe skrubu zake hadi pande zote mbili zipinduke kwa kiasi kilekile cha maji.