Vuka ziwa kabla uchungu haujaanza

Ikiwa unaishi Ukara, Ukerewe au kisiwa kingine chochote cha wavuvi, na umewahi kujifungua kwa upasuaji, umebeba mapacha, au ulitokwa damu nyingi katika uzazi uliopita, usisubiri uchungu ukukute nyumbani, kwa sababu ziwa likichafuka usiku ni vigumu kupata chombo cha kuvuka, na mama anayevuja damu hawezi kungoja kupambazuke. Unapokaribia wiki ya 36, mwombe muuguzi wa kliniki akuelekeze kwenye kituo chenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu, kisha umuulize kama kina chigonela, yaani nyumba ya kusubiria siku za kujifungua.

Kadi ya kliniki iweke ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana. Yangu niliikunja katikati ya khanga nikiamini imehifadhika, lakini mawimbi yaliporukia ndani ya boti, wino ulitawanyika hata kundi langu la damu likawa halisomeki, ikabidi nipimwe upya huku uchungu umekolea.

Jambo la mwisho, ambalo naona akina baba hulisahau mno, ni kukubaliana mapema na ndugu wawili wenye afya njema walio tayari kuchangia damu, ambao watakuwa upande uleule wa maji utakaojifungulia, si kisiwani.