SOMO: Jinsi ya kutafsiri nadharia moja ndani ya nyingine, hatua kwa hatua

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Naandika mara moja hapa ili nikiulizwa tena niwe naelekeza kwenye uzi huu. Wengi mnachanganya maana mbili za neno "tafsiri". Kwenye takwimu, modeli inatafsirika pale mtu anapoweza kueleza namba zake zinasema nini kuhusu vitu alivyopima, na hilo lina viwango: hii inasomeka vizuri, ile kwa shida. Kwenye mantiki ya hisabati ni uhusiano wa nadharia mbili (nadharia ni aksiomu, yaani kanuni za msingi, pamoja na yote yanayotokana nazo): moja, "mgeni", inaelezwa kwa lugha ya nyingine, "mwenyeji". Tafsiri ipo au haipo. Utaratibu wake uliwekwa wazi na Alfred Tarski, Andrzej Mostowski na Raphael Robinson mwaka 1953.

Mfano wetu: namba asilia (0, 1, 2, 3...) ni mgeni, namba kamili (pamoja na hasi) ni mwenyeji.

1. Orodhesha alama za kila upande. Hapa kote ni 0, 1, kujumlisha, kuzidisha na usawa.

2. Chagua eneo, yaani fomula ya mwenyeji inayochuja nani ahesabiwe kuwa mgeni. Huruhusiwi kusema "x si hasi", kwa sababu "kubwa kuliko" haimo kwenye orodha. Mwanahisabati Lagrange anatuokoa: mwaka 1770 alithibitisha kwamba kila namba asilia ni jumla ya miraba minne. 7 ni 4+1+1+1. Namba hasi haiwezi. Basi E(x) ni: "zipo a, b, c, d ambazo a²+b²+c²+d² = x".

3. Tafsiri alama zilizobaki, na hakikisha ukijumlisha au kuzidisha walio ndani ya eneo hutoki nje.

4. Funga kila "kwa kila" na kila "ipo" ndani ya eneo. Hapa someni mara mbili, ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Chukua sentensi ya namba asilia: "kwa kila x, x+1 si 0". Ukiihamisha ilivyo inakuwa uongo, kwa sababu kwa mwenyeji yupo −1. Lazima iwe: "kwa kila x, ikiwa E(x) basi x+1 si 0".
ONYO: "kwa kila" hufungwa kwa "ikiwa... basi", lakini "ipo" hufungwa kwa "na". Ukiandika "ipo x ambayo ikiwa E(x) basi x+1 = 0", umepata ukweli wa bure: chukua −5, haimo kwenye eneo, sharti halijatimia, sentensi imepita. Uongo wa namba asilia umegeuka kweli na hutaona.
ONYO LA PILI: funga hata zile zilizojificha katikati ya sentensi. Lakini a, b, c, d zilizo ndani ya E yenyewe usiziguse, hizo ni za mwenyeji.

5. Thibitisha aksiomu zote za mgeni, zikiwa zimetafsiriwa, kwa nguvu za mwenyeji peke yake.

6. Vuna. Mwenyeji asipojikinza (asipothibitisha jambo na kinyume chake), mgeni naye hajikinzi.

MASWALI

Mdau wa Pasua: Si ni kundi dogo ndani ya kubwa tu? Mlolongo wote huu wa nini?

Mleta mada: Rudia hatua ya 2. Kuwemo ndani hakutoshi, lazima uweze kuwachuja kwa alama ulizonazo.

Binti Marangu: Shikamoo mwalimu. Miraba minne ikipelekwa kwenye namba halisi inafanya kazi?

Mleta mada: Marahaba, umeuliza jambo kubwa. Kule kila namba isiyo hasi ni mraba, kwa hiyo E inakubali hata 2.5. Na hakuna fomula nyingine itakayosaidia: Tarski alionyesha kwamba kweli zote za namba halisi, kwa kujumlisha na kuzidisha, zinaamulika kwa utaratibu wa hatua. Namba asilia hazina utaratibu huo, basi hazichujiki kule. Ila kwenye namba za sehemu, Julia Robinson alipata mwaka 1949 fomula inayochuja namba kamili. Itafute, ni nzuri mno.

Kijana wa Chuo: Rigresheni yangu (mstari unaopita kati ya vipimo) imetoa mteremko −0.006, namba ya kuanzia 27. Niandikie tafsiri, kesho nawasilisha.

Mleta mada: Umepima nini kwa kipimo gani? Bila hivyo hakuna cha kusoma.

Kijana wa Chuo: Samahani mkuu. Joto kwa Selsiasi, mwinuko kwa mita, njia ya kupanda Kilimanjaro, kuanzia mita 900.

Mleta mada: Sasa sawa. Joto linashuka kama nyuzi 6 kila mita 1,000. Ile 27 ni ya usawa wa bahari, ambako hukupima, usiizungumzie. Toa 900 kwenye kila mwinuko kisha rudia: mteremko haubadiliki, ya kuanzia inakuwa 21.6, joto la pale ulipoanzia.

Mdau wa Himo: Niongezee: kwenye rigresheni ya lojistiki (ya majibu ya ndiyo au hapana), uwiano wa odi wa 2 si uwezekano mara mbili; odi ni uwezekano wa jambo kutokea ukigawanywa kwa uwezekano wa kutotokea. 0.5 inakuwa 0.67.

Mleta mada: Kabisa. Ukianzia 0.01 inakaribia 0.02, ndiyo maana kwa mambo adimu watu hawashtuki.

Binti Marangu: Na alama ya usawa, nayo hutafsiriwa?

Mleta mada: Ndiyo, ikibidi. Ukiziingiza namba za sehemu ndani ya namba kamili, kila sehemu inakuwa jozi (a, b), b isiwe 0. "(a, b) sawa na (c, d)" inatafsiriwa "a×d = b×c", na hapo (1, 2) na (3, 6) ni namba moja.