Kutofautisha rangi zinazokaribiana kwenye stempu za zamani

Jicho hulinganisha rangi vizuri sana, lakini kukumbuka rangi haliwezi. Ndiyo maana kuishika stempu moja mkononi na kujiuliza kama ni waridi au nyekundu iliyopauka ni kazi bure. Tafuta stempu mbili tatu za bei rahisi, za toleo lilelile, ambazo rangi zake zimeshathibitishwa, halafu uziweke ubavuni mwa ile yenye utata.

Kabla ya hapo, maliza yale yasiyohitaji ubishi wa rangi: alama ya maji (ile iliyofichwa ndani ya karatasi), idadi ya meno ya ukingoni, mchoro. Stempu ya peni moja ya zambarau ya Uingereza ya mwaka 1881 ina matoleo mawili: la kwanza lina vitone 14 katika kila kona, la pili vitone 16. Hapo kioo cha kukuzia kinamaliza kazi ambayo rangi peke yake isingeimaliza. Muhuri wenye tarehe inayosomeka nao ni shahidi mzuri, kwa sababu rangi iliyochapwa baadaye haiwezi kugongwa muhuri wa miaka ya nyuma.

Mwanga ndio unaowaponza wengi. Tumia mwanga wa mchana karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, au taa ya kelvini 5000 hadi 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga) inayoonyesha rangi kwa uaminifu. Chini ya balbu ya manjano, wino mbili tofauti huweza kuonekana sawa kabisa, kisha zikaachana ukizitoa nje. Toa stempu kwenye mifuko ya plastiki kwanza. Mingi ina rangi yake hafifu.

Kata kadi ya kijivu, toboa matundu mawili ya milimita 4 au 5, kisha ilaze juu ya stempu zote mbili ili uone wino tu. Bila kadi, karatasi iliyogeuka manjano au muhuri mweusi mzito hulidanganya jicho. Chagua sehemu iliyojaa wino: mistari myembamba huchanganyika na weupe wa karatasi, na rangi ikaonekana nyepesi kuliko ilivyo. Usikodoe macho zaidi ya sekunde chache. Ukiitazama nyekundu kwa muda, jicho huchoka na huanza kuiona imefifia. Pumzisha macho kwenye ile kadi ya kijivu, kisha rudi.

Geuza pia upande wa nyuma. Wino nyekundu za anilini, yaani rangi iliyotengenezwa kwa kemikali, mara nyingi hupenya karatasi na kuacha wekundu nyuma, na baadhi yake hung'aa chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Taa hiyo itumie gizani, bila kuitazama moja kwa moja. Karatasi ya karne ya 19 ikimeremeta nyeupe yenye ubuluu, ishuku: kemikali za kuongezea karatasi weupe wa namna hiyo hazikuwepo wakati huo. Huenda ni bandia, au imeoshwa kwa sabuni ya unga.

Sasa swali gumu: je, rangi hii ilitoka hivi kiwandani? Stempu za zambarau na kijani za Uingereza za 1883 na 1884 zilichapwa kwa wino uliokusudiwa kuchuja, ili mtu asiweze kufuta muhuri na kuzitumia tena. Ziloweke majini nawe umezipoteza. Usiziite "rangi adimu" eti kwa sababu zimepauka.

Za machungwa zina hila nyingine. Wino wenye risasi hukutana na salfa ya hewani na kugeuka kahawia, hata mweusi. Kwa stempu iliyotumika, pamba iliyoloweshwa kidogo kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ikipakwa upande wa mbele, mara nyingi huirudisha rangi ndani ya dakika chache. Kisha suuza na ukaushe. Ikirudi machungwa, basi ile kahawia haikuwa rangi ya kiwandani. Stempu yenye gundi kamili usiijaribu hivyo, maana unyevu utaiharibu.

Picha za skana na simu hazifai kuamulia. Kila kifaa kina rangi zake. Na majina ya rangi ya katalogi moja (kitabu cha orodha ya stempu) usiyahamishie nyingine, kwani kila mchapishaji huita rangi anavyoona yeye.