Kujenga ekipe yenye inashinda: uchukue bachezaji huru ao ulee batoto ba kartye?

Kila mwaka championa ikiisha tu, bakubwa ba ekipe za kartye huku Lubumbashi banaanza ile mbio ya kila siku: nani anamaliza kontra, nani amegombana na kocha wake, nani anaweza kuya kwetu kama tunamupa dola mia mbili mukononi. Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba, komini zote ni vile. Ekipe inaanza musimu na majina makubwa kumi na moja benye habajuane, kisha miezi michache franga zinaisha na bote banatawanyika. Mi naandika hii juu naumia kuona ekipe za muzuri zinakufa vile, na njia ingine iko, haiombe uwe tajiri, inaomba tu ujue nini kinaanza na nini kinafuata: batoto kwanza, mchezaji huru (mwenye kontra yake imeisha) nyuma, na ule mchezaji huru akuye kuziba fazi yenye unajua haina mutu.

Bamerika, mu ile football yao ya kushika balo na mikono, njo bamepanga hii mambo wazi zaidi. Tangu 1936 beko na draft: ekipe yenye ilifanya vibaya kupita zote njo inachagua kijana wa kwanza, bingwa anachagua wa mwisho, na leo inazunguka mara 7. Kisha tangu 1993, mchezaji mwenye kontra yake imeisha anaweza kuenda kwenye anapenda, huyo njo banamuita mchezaji huru. Angalia Tom Brady, mchezaji wa ile football yao. Mu 2000 alichaguliwa namba 199, ni kusema ekipe zote zilimupita, zingine mara na mara, New England bakamuchukua, bakamufundisha, akabaletea makombe 6. Mu 2020 akaenda Tampa Bay kama mchezaji huru, na Februari 2021 Tampa bakabeba kombe. Batu banasema umeona, nunua mutu mukubwa ushinde! Hapana, angalia muzuri bale Brady alikuta pale: Lavonte David, Mike Evans, Chris Godwin, Devin White, bote Tampa ilibachagua yenyewe ku draft, mwaka kwa mwaka, kuanzia 2012 mupaka 2019. Mzee alifika wakati batoto bamekwisha kukomaa, na bila bale asingefanya kitu.

Huku kwetu draft haiko, lakini na sisi tunachagua, na tunachagua ku kiwanja cha vumbi, ile ya masomo, ya parokia, ile ya nyuma ya soko. Kosa la kwanza bakubwa banafanya ni ile tesiti ya siku moja, batoto mia moja, balo mbili, kocha anasimama na karatasi. Siku moja unaona tu mwenye mbio na mwenye mwili mukubwa. Fanya hivi: panga mechi za batoto 5 kwa 5, kila juma, mwezi muzima, kiwanja kidogo, kila mutoto anagusa balo mara mingi na hana fazi ya kujificha. Weye kaa pembeni usipige kelele. Angalia kitu kidogo sana: mbele balo imufikie, anageuza kichwa aone nani iko nyuma yake? Na akipoteza balo, hatua zake tatu za kwanza zinaenda wapi, anarudi kuitafuta ao anasimama akiinua mikono? Mutoto wa miaka 13 mwenye anaangalia nyuma na anarudi haraka, huyo muchukue ata kama ni mufupi. Kimo kitakuya, ile akili inakawia sana kuingia kama haiko tangu mwanzo.

Uangalie pia mwezi wa kuzaliwa. Batoto banapangwa na mwaka, sasa ule wa Januari na ule wa Desemba banaitwa umri mumoja, na ku miaka 12 tofauti ya miezi kumi na moja iko kubwa, ule wa Januari anaonekana nyota juu tu mifupa yake ilitangulia. Ekipe nyingi zinajaza ba Januari na Februari, bale ba mwisho wa mwaka banabaki njiani, njo huko unaweza kupata mutoto muzuri mwenye hakuna mutu anamutaka. Na umri uwe wa kweli. Omba karatasi ya kuzaliwa, omba na biltini ya masomo ya primeri, ukilinganisha hizo mbili utaona kama miaka ilikatwa.

Ukisha kubapata, ulezi wake ni kazi ya kurudilia: mazoezi mara tatu kwa juma kisha masomo, mechi ya kirafiki na bakubwa mara kwa mara, mukate na chai kisha mazoezi juu bengi banakuya na njaa, na uende nyumbani kwa mzazi umweleze. Mama akikuamini, mutoto hatakosa mazoezi. Uhesabu musimu miwili ao mitatu ya kupoteza mechi, uambie komite wazi tangu siku ya kwanza, juu komite yenye haikuambiwa njo inafukuza kocha ku mechi ya tano.

Sasa mchezaji huru. Batatu, kama sana banne, habapiti hapo. Wa kwanza ni kipa, juu kosa la kipa kijana linakuwa goli palepale na batoto bote mbele yake banavunjika roho. Wa pili beki wa katikati mwenye anasema uwanjani, anapanga bangine, anaita kwa jina. Wa tatu mutu wa katikati mwenye anajua kutuliza balo wakati mechi imepata moto. Mushambuliaji hapana, njo bei ya juu kuliko bote na njo fazi yenye kijana anaweza kujifunza akicheza.

Mbele ya kumusainisha, umuone mara mbili, moja mu kiangazi wakati kiwanja iko nguvu kama simiti, moja mu mvua wakati matope inashika miguu, juu goti lenye linauma linajificha ku moja, linajionyesha ku ingine. Umuangalie dakika za mwisho, hapana za kwanza. Pigia simu kocha wake wa zamani, na mchezaji mwenzake ao kapiteni, uulize kitu kimoja tu: alikuwa anafanya nini wakati bamemuweka ku banki? Kisha soma kontra yake kwa macho yako, tarehe ya kuisha, na upate letre de sorti, ile karatasi ya kumuachilia, ya ekipe yenye anatoka. Kama kontra ni ya kulipwa kweli, sheria ya FIFA inamuruhusu kusaini na ekipe ingine akibakiza miezi 6 ao chini, mbele ya hapo ongea na ekipe yake kwanza. Franga zako usizitoe zote siku ya kusaini. Ukiwa na dola 1.000, weka 600 ku batoto, balo, safari, mukate, na zile 400 uzigawe kwa mwezi kwa bale batatu, kidogo kidogo mupaka mwisho wa musimu. Mwenye anakataa kulipwa kwa mwezi anataka kukuachia deni.

Na Mazembe, ekipe kubwa ya hapa Lubumbashi, je? Batu banapenda kusema Mazembe ilinunua tu makombe. Ni kweli ilikuwa na franga na iliita bageni bengi, ikakuwa bingwa wa Afrika 2009, 2010, 2015. Lakini Mbwana Samatta, mwenye alifunga goli ku mechi zote mbili za fainali ya 2015 na USM Alger, alitoka Simba ya Dar es Salaam mu 2011 akiwa na miaka 18. Alikomalia hapa Kamalondo, na 2016 akaenda Genk. Ile ni kulea, ata kama ilianza na kununua.

Na hapa njo kuko kitu chenye ekipe nyingi za kartye zinapoteza bila kujua. FIFA inasema mchezaji akiuzwa inchi ingine kontra yake ikingali, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa zile ekipe zilimulea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa miaka 12 mupaka 15 unachukua asilimia 5 ya ile franga, kuanzia 16 unachukua asilimia 10. Fanya hesabu: akiuzwa dola milioni 1, asilimia 5 ni 50.000, na weye mwenye ulimulea miaka mine ya mwanzo unapata 10.000. Akienda huru, bei ni zero, na asilimia 5 ya zero ni zero, njo juu ya hiyo usimuache kijana wako amalize kontra bila kuongea naye mapema. Kuko pia fidia ya malezi akisaini kontra yake ya kwanza ya kulipwa, na akihama inchi ingine mbele ya kumaliza mwaka wenye anafikisha miaka 23. Na mutu akikuya kukuambia anapitisha mutoto wa miaka 15 ku Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, akacheze ngʼambo, umufukuze: chini ya miaka 18 FIFA inakataza kuhamia inchi ingine, ila kwa sababu chache sana.

Yote ile inaomba lisansi, ile karatasi ya kuandikisha mchezaji. Ekipe iandikwe ku Entente, chama cha football cha hapa, mutoto aandikwe kila musimu kwa jina lake kamili na tarehe ileile ya kuzaliwa, bila kubadilisha herufi. Piga fotokopi za lisansi zote, moja ibaki kwa sekretere, moja kwa prezida, na picha ku simu ya mutu wa tatu.