Kiingereza cha kuongea na wageni, kwa sie wa visiwani

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kutembeza wageni Mji Mkongwe niliwaambia mke na mume wa Kijerumani boti ya kisiwa cha Changuu inaondoka "three o'clock", miye kichwani nina saa tatu asubuhi, basi nikakaa pale Forodhani nahodha ananitizama tu mpaka jua likawa kali, wenyewe wakaja saa tisa alasiri na kofia zao wanacheka, na kweli wamefika kwa wakati walioambiwa. Pesa nilirudisha.

Kwa hiyo saa kwanza. Usianze kujumlisha sita wala kutoa sita mbele ya mgeni, utachanganyikiwa. Tizama simu yako, ikiandika 9:00 sema "nine" kama ilivyo, usiitafsiri, halafu malizia "in the morning" ili pasibaki shaka. Na mtego mwengine ni siku: sie tukisema usiku wa Ijumaa twamaanisha ule wa kuamkia Ijumaa, lakini mgeni ukimwambia "Friday night" atakuja usiku wa pili yake, we ushalala. Ule wetu kwao ni "Thursday night".

Tuje kwenye matamshi, hapa ndo penye kazi. Kiswahili kina i moja, Kiingereza kina mbili, ndefu na fupi, na ukizichanganya maana inahama. Mtu anataka kusema naishi Nungwi anasema "I leave in Nungwi", mgeni anashangaa, unaondoka au unaishi? Na vijana wa pwani nawaombeni sana neno "beach", likikatwa fupi linakuwa tusi la kumtukana mwanamke, na wanaotandika vitanda mahotelini neno la shuka, "sheet", nalo hivo hivo likifupishwa linakuwa uchafu. Mgeni mstaarabu atajifanya hakusikia ila kasikia.

Namna ya kuzitenganisha: ile ndefu unayo tayari, ni i ya "sita", ivute na mdomo uwe kama unatabasamu. Fupi ndo hatuna. Sema "i", halafu ulegeze mdomo, tabasamu liondoke, ulimi ushuke kidogo kama unaelekea kwenye "e" lakini usifike, na uikate haraka. Jifunze kwa jozi, "ship" ni meli na "sheep" ni kondoo, "live" na "leave", "fill" na "feel". Jirekodi kwenye simu umtumie mwenzio bila kumwambia umesema lipi, akikisia sawa mara kumi mfululizo umeiva.

Kitu cha pili ni kubandika irabu mwisho. Si kosa la mtu, ndo lugha yetu, shirt tukaifanya shati, bank ikawa benki, blanket ikawa blanketi. Sasa ukiongea Kiingereza mkia huo uukate: neno "boat" ukifika kwenye t ulimi ugonge juu na basi, usiuachilie ukazaa "boti". Vitenzi vya wakati uliopita navyo watu wanavichosha bure, "walked" anasema "wo-ked". Hapana, hiyo -ed ni t tu, "wokt". Ikifuata sauti kama n au l ni d, "cleaned", "called". Inakuwa silabi nzima pale neno linapokuwa limeishia kwa t au d wenyewe, "wanted", "needed". Basi.

Kuna moja tumebarikiwa. Ile th inayowatesa watu dunia nzima mpaka wanasema "sink" badala ya "think", sie ulimi wetu ulinyooshwa chuoni, kwenye madrasa ya Kurani, tangu wadogo, kwa bakora pia. "Think" tumia th ya thelathini, "this" tumia dh ya dhahabu. Huna haja ya kujifunza, kazi ni kukumbuka tu lipi linakwenda wapi.

Sarufi sasa. "He" na "she" zinatutoka kwa sababu yeye ni yeye, akiwa mama au baba. Mtu anakusimulia "my mother, he is sick". Dawa yake kabla hujafungua mdomo mwone mtu mwenyewe usoni, kisha usimulie familia yako nzima mmoja mmoja kwa sauti kila usiku, wiki mbili tu. Na usiseme "my mother she is sick", ile a- ya "mama anaumwa" ndo inatusukuma tuongeze "she", Kiingereza hakiitaki.

"A" na "an" fuata sauti, usifuate herufi: "an hour" kwa sababu h haisikiki, "a university" kwa sababu inaanza na sauti ya "yu".

Halafu kuna "sorry". Mgeni akijikwaa vichochoroni sie twasema "sorry, sorry" tukimaanisha pole, wengi watakujibu "it's not your fault", wanadhani unakiri kosa. Muulize "are you okay?" inatosha.

Mwisho wanaoandika mabango. Ule mkwaju mdogo wa juu kwenye ng'ombe kwetu unaonesha sauti, kwao unaonesha kuna herufi zimeliwa, au kitu ni cha mtu. "It's" ni "it is" iliyoliwa, "its" ni -ake. Ukiwa na shaka ifungue useme "it is", sentensi ikivunjika uufute. Wingi hautaki mkwaju kabisa, kwa hiyo yule rafiki yangu wa Darajani aloandika "Fresh Juice's" kwa rangi nyekundu, yakhe, pitisha brashi hapo kabla ya msimu.